Kumkodi mpiga kinubi kwa ndoa na sherehe Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Napiga kinubi kwenye ndoa na sherehe za harusi hapa Mwanza na kandokando ya ziwa. Anayenipigia simu kwanza mara nyingi si bibi harusi. Ni mjumbe wa kamati aliyetoka kikaoni na jukumu la burudani, na anataka majibu ya kupeleka kikao kijacho. Nimeyaandika hapa kama ninavyoyasema kwenye simu. Jambo moja litajirudia, kwa sababu ndilo linaloamua kila kitu: kinubi ni chombo cha mahali palipotulia. Mkikitengea dakika ishirini za utulivu, wageni watazungumza habari zake hadi mwaka unaofuata. Mkikiweka kwa muda wa saa nne katikati ya kelele, michango ya watu itakuwa imepotea bure, nami sipendi kulipwa kwa kazi ambayo hakuna aliyeisikia.

Hiki ndicho kinubi cha Daudi?

Ni ndugu yake. Biblia ya Kiswahili inasema kinubi, lakini chombo cha Daudi, ambacho kwa Kiebrania huitwa kinnor, kilikuwa na mikono miwili iliyounganishwa juu kwa mti, na nyuzi zikishuka kutoka kwenye ule mti hadi kwenye kisanduku. Huo ndio ukoo wa litungu la Wakurya wa Mara na nyatiti ya Wajaluo. Kinubi ninachopiga mimi kina umbo la pembetatu: kisanduku cha sauti kimeegemea bega langu, shingo iliyopinda iko juu, na kila uzi unatoka ndani ya kisanduku na kupanda hadi kwenye shingo. Ng'ambo ya ziwa, huko Uganda, adungu ya Waalur na ennanga ya Baganda ni za ukoo huu wa pili.

Nayaeleza haya kwa sababu wazee wakikiona ukumbini huuliza kama ni kitu cha Wazungu. Umbo hili la kisasa limetoka Ulaya, ndiyo, lakini kudonoa nyuzi kwa vidole huku watu wametega sikio ni jambo ambalo ziwa hili limelijua kwa vizazi vingi.

Kuna vinubi vya aina ngapi, na wewe unaleta kipi?

Kwa harusi mtakutana na aina mbili. Kile kikubwa cha okestra kina nyuzi 47 na pedali 7 miguuni. Kimo chake kinapita mtu wa kawaida, na uzito ni kama kilo 40. Kila pedali ina hatua tatu, kwa hiyo mpigaji anabadilisha ufunguo, yaani ngazi ya sauti za wimbo, katikati ya kupiga bila kuinua mikono. Kidogo ni cha leva: mara nyingi kina nyuzi 34, uzito wa kilo kumi na kitu, na juu ya kila uzi kuna kileva unachokipandisha kwa mkono ili sauti ipande nusu toni.

Mimi naleta cha leva. Kinaingia kwenye Noah ukikunja viti vya nyuma, kinapanda ngazi za ukumbi bila vijana wanne wa kukibeba, na kinatua juu ya jiwe la Capri Point bila kuyumba. Kwa nyimbo za ndoa hamtapungukiwa na chochote. Mkitaka muziki wa okestra wenye kuhamahama funguo kila mstari, hapo nitawaambia ukweli kwamba chombo changu hakitoshi.

Kinafaa sehemu gani ya harusi?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote, na kamati nyingi haziliulizi.

Anzeni na nusu saa kabla ya ibada. Wageni wanaingia, shangazi wanatafutana, wasimamizi wanapanga viti, na bibi harusi bado yuko saluni. Kwa kawaida nusu saa hiyo hujaa minong'ono tu. Kinubi kikianza hapo, watu hushusha sauti wenyewe bila kuambiwa na mtu.

Nafasi ya pili ni kusaini vyeti. Maharusi, wasimamizi na kiongozi wa ibada wanainama mezani dakika saba au kumi, na kanisa zima halina cha kutazama isipokuwa migongo. Kama ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya siku nzima, ningechagua hiyo. Kalamu inapita mkono hadi mkono, mama wa bibi harusi ameshika leso, na chombo kinazungumza kwa niaba ya wote. Mwombeni mwalimu wa kwaya awaachie dakika hizo. Mara nyingi anakubali, kwa kuwa kwaya nayo inahitaji kupumua.

Ya tatu ni ukumbini, kabla maharusi hawajafika. Wako ziwani wanapigwa picha, wageni wameketi na soda, na saa zinakwenda. Badala ya DJ kujaribu spika zake kwa saa nzima, kinubi kinaweza kuwapokea watu na kuwaweka katika hali ya sherehe. Ya nne ni chakula. Foleni ni ndefu, na watu wanataka kusalimiana na ndugu waliotoka Shinyanga na Kahama ambao hawajaonana nao tangu msiba wa mwisho. Muziki wa sauti ya chini unawapa nafasi ya kuongea.

Sipendekezi kuingia kwa maharusi ukumbini, kukata keki, wala zawadi. Hapo watu wanataka kucheza hadi meza kuu, vigelegele na filimbi, na wana haki yao. Mwachieni DJ. Mimi hufunga chombo changu kabla ya zawadi na kuondoka na furaha yangu.

Kwenye sendofu kuna dakika moja tu ninayoipenda: binti anapowalisha wazazi wake keki. Mkipanga na MC anyamaze hapo, mtaona wenyewe.

Padri atakubali?

Mwulizeni mapema, kabla hata hamjanilipa amana. Kwa Kanisa Katoliki, ala nyingine zaidi ya kinanda zinaruhusiwa kwa idhini, mradi zifae ibada. Maelekezo ya muziki mtakatifu ya mwaka 1967 yanataja nafasi nne ambapo ala inaweza kupigwa peke yake: mwanzoni kabla padri hajafika altareni, wakati wa matoleo, wakati wa komunyo, na mwisho wa Misa. Padri anaposali sala zake, ala zote hunyamaza, ikiwemo Sala ya Ekaristi yote. Watu huniomba nipige taratibu chini ya maneno ya padri kama kwenye filamu. Sipigi.

Wakati wa Kwaresima, ala ni za kusindikiza uimbaji tu, si za kupigwa peke yake, na wengi huepuka kufunga ndoa kipindi hicho. Wakati wa Majilio nako mwongozo wa Misa unataka kiasi. Wimbo wa mapenzi wa redioni haupigwi ndani ya Misa hata kama hauimbwi, kwa sababu masikio ya watu yanajua maneno yake. Wekeni wimbo huo ukumbini, na huko nitaupiga kwa moyo wote.

Jambo lingine la hapa kwetu: parokia nyingi hufungisha ndoa mbili, tatu au zaidi katika Misa moja. Mkiniita ninyi, nitakuwa nawapigia na wenzenu. Tafadhali ongeeni na familia hizo nyingine mapema. Niliwahi kufika kanisani nikakuta upande mmoja umeleta kinubi na upande wa pili umeleta tarumbeta, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Tulipatana kwa kunong'onezana nyuma ya kikanisa cha Bikira Maria, wao wakachukua kutoka nje na mimi nikachukua vyeti. Lakini bibi harusi wa upande wa pili alikuwa ameshakasirika, na siku yake haikustahili hilo.

Na AIC, KKKT, Wasabato, makanisa ya Kipentekoste?

Kila mchungaji ana utaratibu wake. Kwa uzoefu wangu ugumu hauko kwenye ruhusa, uko kwenye nafasi, kwa sababu bendi na kwaya tatu tayari ziko kwenye ratiba. Ombeni nafasi moja yenye jina, dakika tano, iandikwe kwenye karatasi ya ibada.

Sisi ni Waislamu. Mnapiga kwenye nikahi?

Msikitini hapana, na sitaki mtu aniombe. Nikahi ina adabu yake, na baada yake kama kuna kasida na dufu, hizo zinatosha. Ninakoitwa na familia za Kiislamu ni kwenye shughuli ya kina mama au kwenye chakula cha jioni ambapo wenyewe wameridhiana kuwa na ala. Mimi ni mwanamke, kwa hiyo shughuli ya wanawake watupu haina tatizo. Muulizeni kwanza mzee wa familia ambaye neno lake ndilo la mwisho. Nisingependa babu aondoke mezani kwa sababu yangu.

Tunafungia ndoa ufukweni. Inawezekana?

Inawezekana, na picha huwa nzuri sana, lakini nisikilizeni vizuri hapa.

Nyuzi za kinubi changu ni za utumbo na nailoni, zile nene za chini zimezungushiwa waya wa chuma. Vyote hivi husogea kwa joto na unyevu, na kisanduku chenyewe ni mbao. Mwaka fulani niliitwa kwenye sherehe upande wa Ilemela, saa 9 alasiri. Mpambaji alikuwa ameweka kiti changu juani, kwenye mchanga, ili mawe na maji yaonekane nyuma. Nikasema kivulini ni salama zaidi, nikaambiwa ni dakika kumi tu. Nikakubali, na kosa ni langu. Nilikuwa nimetuni kila uzi, yaani kuukaza hadi sauti yake sahihi, nikiwa chini ya mwembe. Bibi harusi alipotokea mwisho wa kitambaa cheupe, nyuzi za juu zilikuwa zimeshahama, kila moja kwa kiasi chake. Nilipiga mistari miwili nikasikia sauti zinakwaruzana. Nikaziacha. Nikabaki na nyuzi saba au nane za katikati, zile zilizokuwa kwenye kivuli cha mwili wangu, nikarudiarudia kipande kidogo hadi akafika kwa mumewe. Wageni walidhani ndivyo wimbo ulivyo. Mimi nilikuwa nalia moyoni.

Tangu siku hiyo mkataba wangu una sharti: kivuli juu ya chombo kwa saa nzima kabla ya kupiga, sio wakati wa kupiga tu. Turubai dogo jeupe linatosha. Chini nahitaji ubao au zulia gumu, kwa kuwa mchangani kinubi kinazama upande mmoja.

Upepo nao una saa zake. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na alasiri huwa na nguvu. Ukipita kwenye nyuzi, zinalia zenyewe bila kuguswa, mlio mwembamba kama mtu anayeimba mbali. Ni mzuri ukiwa peke yako, ila si wakati kiapo kinasomwa. Wekeni mgongo wa kinubi upande wa ziwa, au tafuteni sehemu ambayo mawe yanakinga. Mwanza ina mawe ya kutosha. Jua hapa linazama karibu na saa moja jioni, tena upande wa maji kwa sehemu kubwa ya mji, kwa hiyo ibada ya kuanzia saa 11 jioni inapata mwanga mzuri na upepo umeshaanza kupoa.

Giza likiingia, wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa. Nimepiga nikiwa nimefunga mdomo kabisa. Taa isielekezwe kwenye chombo. Iwekwe mbali kidogo, wadudu waende huko.

Mvua ikianza, nafunika na kuondoka, hata kama ni manyunyu. Kwa miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, tuwe na mahali pa pili pamoja na saa tuliyokubaliana ya kuamua. Na msinihamishie kwenye banda la bati. Mvua ya Mwanza juu ya bati haiachi sauti nyingine ikasikika, hata ya mchungaji.

Sauti yake itafika kwa watu wote?

Katika kanisa lenye kuta ngumu na watu waliotulia, kinubi kinafika hadi nyuma bila msaada. Ukumbini, kwa wageni zaidi ya themanini wanaoongea, hakifiki. Nina maiki ndogo ninayoibandika kwenye kisanduku cha sauti kwa nyuma, nahitaji njia moja tu kwenye mikseri ya DJ. Mwombeni DJ afike mapema tujaribu pamoja, asipandishe besi, na spika isitazamane na chombo, maana itapiga yowe.

Jenereta iwe mbali. Nimewahi kukaa mita tano kutoka kwake, ukutani upande wa pili, na mtetemo wake uliingia sakafuni hadi kwenye nyuzi.

Umeme ukikatika?

Naendelea. Kinubi hakihitaji umeme. Mara mbili nimepiga gizani, wageni wakiwa wamewasha tochi za simu, na hadi leo watu hao wananisimamisha sokoni Kirumba kunikumbusha.

Mnapiga nyimbo gani? Bongo Fleva mnaweza?

Naweza nyingi, si zote. Wimbo wenye melodi inayoimbika unahamia vizuri kwenye nyuzi. Wimbo unaosimama kwa mdundo na maneno ya haraka hauhami, unabaki mifupa mitupu. Nitawaambia mapema, na pengine nitawapendekezea kiitikio chake tu.

Nyimbo za tenzi zinakubali sana, na nyimbo za kwaya za zamani ambazo wazazi wenu walifunga nazo ndoa. Mara nyingi mama wa bwana harusi huniimbia kwenye simu wimbo ambao hakuna mahali ulipoandikwa. Ninaurekodi, ninauandika kwa tonik solfa, yale maandishi ya do re mi, naupiga. Kama kuna wimbo wa Kisukuma wa bibi yenu, niimbieni. Hii ndiyo sehemu ya kazi yangu ninayoipenda kuliko zote, na wimbo wa namna hiyo mmoja siutozi.

Nyimbo mpya nahitaji kuzipata wiki sita kabla. Si uvivu. Kila wimbo nausikiliza, natafuta ufunguo ambao leva zangu zinauweza, naupanga kwa mikono miwili, halafu naufanyia mazoezi hadi vidole viukariri. Wimbo unaotumwa Alhamisi kwa ajili ya Jumamosi sitaupiga.

Unaweza kupiga na kwaya yetu?

Ndiyo, tukifanya mazoezi angalau mara moja. Natuni kwa kinanda chenu, si kwa mashine yangu, maana vinanda vingine vimesogezwa sauti, juu au chini. Mwalimu aniambie do iko wapi. Kwaya ikiimba bila kinanda hupanda au kushuka taratibu bila kujijua, na mimi siwezi kuwafuata kwa kuwa nyuzi zangu zimeshakazwa. Hapo ni bora nianze peke yangu, wao wapokee. Kuhusu ngoma: ngoma moja ndogo ipigwayo kwa viganja inakaa vizuri na kinubi. Ngoma kubwa za kwetu, za kukusanya kijiji, zisubiri zamu yao, na zamu yao ikifika nitakuwa mstari wa mbele kucheza.

Unahitaji muda gani kujiandaa?

Saa moja na nusu kabla ya kupiga nawe uwe umenifungulia mlango. Kinubi kikitoka garini kinahitaji kuzoea hewa ya mahali, kisha natuni nyuzi zote moja moja, kisha natulia, kisha nazipitia tena. Dakika za kutuni nahitaji utulivu kiasi. Mpambaji akiwa anapiga misumari nitamwomba anipe dakika ishirini, na mnisaidie kumwomba.

Mniwekee pia kiti kisicho na mikono, kigumu, cha urefu wa kawaida. Viti vya plastiki vyenye mikono vinanifunga viwiko.

Bei ni kiasi gani?

Sitoi bei kabla ya kujua mambo manne: muda wa saa ngapi, mahali gani, nyimbo mpya ngapi, na kama sauti naleta mimi au ni ya DJ. Ndoa pekee ni bei moja, ndoa na chakula cha jioni ni nyingine, na ya pili si mara mbili ya ya kwanza kwa kuwa nimeshafika. Nitawaandikia kiasi kamili kwenye karatasi, na hakitabadilika siku ya harusi.

Kamati huniuliza kwa nini ni ghali kuliko mpiga kinanda. Nyuzi haziuzwi hapa. Naziagiza nje ya nchi, zinakaa njiani wiki nyingi, na lazima niwe na akiba ya kila saizi. Chombo kinasafiri peke yake kwenye gari, hakichanganywi na abiria. Na ile saa ya kazi mnayoiona ina siku tano za mazoezi nyuma yake. Kama bajeti haitoshi, chukueni nusu saa tu ya kanisani. Nimeshawafanyia wengi hivyo, na haikuwa ndogo.

Harusi zetu huchelewa. Itakuwaje?

Najua. Kadi inasema saa 12 jioni na watu wanaingia saa 2 usiku. Dakika 45 za kwanza za kuchelewa sizihesabu. Baada ya hapo muda wangu unaanza kukimbia hata kama maharusi bado wako barabarani, na nitauliza mwenyekiti wa kamati kama nianze kupiga kwa wageni waliopo au nisubiri kwa malipo ya ziada. Mwenyekiti awe na simu iliyowashwa, si mfukoni mwa mpambe.

Amana na kuahirisha?

Nusu ya malipo inafunga tarehe, iliyobaki inalipwa siku tatu kabla. Mnapata risiti na mkataba. Mkivunja ndani ya wiki mbili za mwisho, amana hairudi, kwa sababu nimeshawakatalia wengine. Ila harusi ikisogezwa kwa msiba, amana inahamia tarehe mpya bila nyongeza yoyote na sihitaji barua wala ushahidi. Pigeni simu tu, na poleni.

Mnasafiri nje ya Mwanza?

Sengerema na Geita zimekuwa rahisi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Kilomita tatu juu ya maji, na ile foleni ya kivuko imekwisha. Musoma naondoka siku moja kabla. Bukoba pia, na kama ni kwa meli ya usiku, kinubi kinalala ndani nami, hakikai sitaha.

Ukerewe naenda kwa furaha. Kivuko cha Nansio ni kama saa tatu, au kwa gari kupitia Bunda hadi Kisorya na kuvuka pale. Maji ya ziwa letu ni matamu, kwa hiyo tofauti na pwani sina hofu ya chumvi kula chuma. Hofu yangu ni unyevu. Chombo nakifunga kwa blanketi na nailoni, na nikifika nataka usiku mmoja chumbani kabla ya kupiga. Kwa hiyo bajeti iwe na malazi ya usiku huo.

Tungependa chombo cha asili badala ya kinubi. Tufanyeje?

Fanyeni! Familia ya Kihaya ikiwa na mzee anayepiga enanga, ubao uliochongwa kama mtumbwi mdogo wenye uzi mrefu uliozungushwa mara saba au zaidi, mwiteni yeye kabla yangu. Enanga hiyo ilisimulia habari za wafalme na mashujaa, na hakuna kitu nilicho nacho kinachofikia uzito wa mzee akianza kusema na nyuzi. Mara moja kwenye chakula cha jioni bibi mmoja kutoka Muleba aliweka sahani chini, akasogeza kiti karibu nami, akasikiliza nyimbo mbili nzima bila kusema neno. Kisha akaniambia, "Mwanangu, baba yangu alikuwa anapiga enanga usiku, sisi tukiwa tumelala." Akarudi kula. Tangu hapo nikiitwa na Wahaya nauliza kwanza kama mpigaji wao yupo.

Litungu kwa Wakurya ni hivyohivyo, ila lenyewe linachezesha watu, kwa hiyo lipangieni saa ya kusimama. Tukipangwa wote wawili siku moja, tupeane nafasi. Tusipige pamoja bila mazoezi, maana tuni zetu hazifanani.

Uzi ukikatika katikati ya wimbo?

Unalia kama kijiti kikavu kinachovunjwa, watu wa mbele wanashtuka, nami naendelea kwa kuruka uzi huo. Wimbo ukiisha nabadilisha ndani ya dakika chache. Uzi mpya hunyooka kwa saa nyingi, kwa hiyo mtaniona naugusa na kuukaza kila baada ya wimbo. Hakuna kilichoharibika.

Wageni wanaruhusiwa kukutunza?

Asanteni, ndiyo, lakini noti zisichomekwe kwenye nyuzi wala zisibandikwe kwenye kisanduku. Noti inazima sauti, na jasho la mkono linakula uzi. Naweka kikapu kidogo cha ukili miguuni. MC aseme hivyo mara moja tu, kwa upole, kabla sijaanza.

Na watoto? Wanaweza kukigusa?

Baada ya kumaliza, ndiyo, na huwa nawasubiri. Wanawe mikono kwanza kwa sababu mafuta ya pilau hayatoki kwenye uzi wa utumbo. Nawaonyesha kwamba nyuzi zote nyekundu ni do na nyeusi ni fa, halafu namwambia kila mmoja atafute do zote, kutoka ile nene iliyo mbali nami hadi ile fupi iliyo karibu na sikio langu. Wanazipata bila msaada. Tengeni dakika kumi kwa hilo kabla DJ hajaanza.